Mtoto Aliponyamaza

Gongoni, Tabora
12 Januari 2025

Mdogo wangu Mwanahawa,

Asalaam alaykum. Barua yako ya mwezi wa Julai ilinifikia, nikaisoma mara mbili, nikaiweka juu ya kabati, na hapo imekaa miezi sita bila jibu. Sina udhuru wa kutosha. Macho yangu yalifanyiwa upasuaji mwezi wa Septemba, lakini mwezi wa Julai na wa Agosti yalikuwa yanaona vya kutosha kusoma gazeti, kwa hiyo hata macho siwezi kuyasingizia. Naomba unisamehe.

Sisi hatujambo. Mvua ilichelewa, kisha ikaja yote kwa pamoja, na ukuta wa choo cha uani umeanguka. Mama Najiat anaendelea na biashara yake ya vitenge pale sokoni. Ndugu zetu wa Kwihara wamepanda mahindi na karanga, na wanalalamika kama kawaida yao. Mimi nina sukari, lakini inatii dawa.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Ijumaa iliyopita, baada ya sala, Sabiri alikuja hapa na wazee wawili wa msikiti wake. Bila shaka unamkumbuka Sabiri, fundi cherehani tuliyekuwa tukitumia naye ua mmoja kabla hajahamia Ujiji na mkewe, marehemu Hafsa. Amekuja kumposea mwanawe Majidi. Anamtaka mjukuu wetu Najiat.

Vijana wenyewe wameshakubaliana. Majidi ni bwana nyuki huko Sikonge. Alikuja hospitali akiwa na homa, na Najiat, ambaye yuko maabara, alimtoboa kidole kabla hajamjua jina. Nimeambiwa kuwa alirudi mara tatu kupimwa homa ambayo hakuwa nayo tena.

Kwa kuwa mwanangu Mabruki hayupo, Mungu amrehemu, mimi ndiye walii wa Najiat. Siku ya ndoa ni mimi nitakayeulizwa kama kuna kizuizi, na ni mimi nitakayejibu. Nimemwambia Sabiri kuwa nitampa jibu baada ya kuuliza. Wewe uliishi Ujiji ukuta kwa ukuta na Hafsa kwa miaka kumi na mitatu, mpaka alipofariki, na kijana akala kwako miaka minne baada ya hapo. Niandikie unachokijua juu ya watu hawa. Ninaposema unachokijua, sina maana ya unachokipenda.

Najua kuwa kuna simu. Lakini masikio yako hayaisikii vizuri, na mimi nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo kwa miaka thelathini na mmoja. Jambo la namna hii nataka liwe kwenye karatasi.

Kaka yako,
Abdulatifu


Ujiji
3 Machi 2025

Kaka Abdulatifu,

Shikamoo. Asalaam alaykum, na Ramadhani njema kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako ilisafiri siku tisa, kwa sababu yule mama uliyempa alishuka Uvinza kumzika shangazi yake, na barua ikahudhuria msiba. Kisha mimi nikaikalia. Sasa tuko sawasawa, wewe miezi sita na mimi wiki sita, ingawa hesabu bado inanipendelea.

Sijambo, isipokuwa masikio. Siku hizi watu wananisemesha kwa mikono kama askari wa barabarani. Mikono yangu bado mizima na ninashona kofia mbili kwa mwezi. Mjukuu wangu Asha amepata mtoto wa kiume, kilo tatu na nusu, na analia kwa nguvu mpaka hata mimi ninamsikia kidogo.

Umeniuliza juu ya Majidi. Kaka, huyu ni kijana ambaye ukimtuma nazi haleti nyanya. Alipokuwa na miaka kumi na sita na mama yake amekufa, alikuwa akiamka kabla yangu na kunichotea maji, na hakuna aliyemwambia. Mlango wa jiko langu aliutengeneza yeye na mpaka leo unafunga. Kama unauliza kuhusu pombe, hanywi. Kama unauliza kama ana mke aliyemficha mahali, hana, maana kijana huyu hawezi kuficha hata njaa. Anasali. Anacheka polepole. Anapenda nyuki kuliko inavyofaa, lakini Najiat atazoea. Mizinga yake ya kwanza aliitundika hapa nyuma kwangu, tukakimbia watu wa nyumba nne, na baba yake akajifungia na cherehani chooni.

Hafsa alikuwa mtu mwema kuliko wote niliowahi kuishi nao. Basi.

Usimcheleweshe binti. Anakaribia miaka ishirini na saba. Mimi katika umri huo nilikuwa na watoto watatu.

Mdogo wako,
Mwanahawa


Gongoni, Tabora
20 Machi 2025

Mdogo wangu Mwanahawa,

Asalaam alaykum. Nimefurahi kusikia habari za mtoto wa Asha. Hapa tunafunga vizuri, na joto limepungua. Ukuta wa choo umejengwa upya.

Nimesoma barua yako kama nilivyokuwa nikisoma maelezo ya mashahidi. Umeandika aya nzima juu ya Majidi na mstari mmoja juu ya mama yake. Mtu uliyeishi naye miaka kumi na mitatu umempa mstari mmoja, na mstari huo umeufunga kwa neno basi.

Nitakueleza kilichotokea hapa. Juzi, wakati wa kufuturu, Mama Najiat aliniuliza swali. Alisema, "Baba, zile siku kumi na mbili nilizolazwa baada ya kujifungua, mtoto alikuwa anakula nini?" Nikamjibu, maziwa ya ng'ombe. Akasema, "Mwuguzi aliniambia watoto wa siku mbili wengi hawayawezi. Mimi nilirudi nikamkuta amenenepa." Kisha akanitazama, akaondoa vyombo.

Wewe ndiye uliyekuwa ndani ya nyumba. Mke wangu alikuwa amekwisha kufariki, Mabruki alikuwa safarini Mpanda na lori, na nilikuita kutoka Ujiji uje kumlea mtoto. Hafsa alikuwa upande wa pili wa ua, na Majidi alikuwa na umri wa miezi mitatu.

Kwa hiyo nauliza moja kwa moja. Je, Najiat alinyonya kwa Hafsa? Kama alinyonya, je, ilikuwa mara tano au zaidi, kila mara akishiba mpaka akaacha mwenyewe? Sheria unaijua kama ninavyoijua. Ikiwa ndivyo, Hafsa ni mama yake wa ziwa, na Majidi ni kaka yake kama vile wametoka tumbo moja. Hakuna shehe atakayewaozesha, na akiwaozesha, ndoa hiyo haipo.

Tafadhali tenganisha mambo matatu unapojibu: ulichokiona kwa macho yako, ulichokisikia, na ulichokidhani. Usivichanganye.

Kaka yako,
Abdulatifu


Ujiji
28 Aprili 2025

Kaka Abdulatifu,

Shikamoo. Idi ilikuwa njema, tulipika pilau, na nilipata baraghashia ya kushona kwa ajili ya imamu mpya. Mtoto wa Asha ameitwa Yasini.

Barua yako ilinifikia kama samansi. Niliisoma, nikaiweka chini ya godoro, na kila nilipogeuka usiku ikaniamkua. Sikutaka kuijibu. Nimemlea kijana huyu, Kaka. Nilitaka sana awe wetu kwa njia ya halali, na aje na mke wake hapa kunitembelea. Lakini umeuliza.

Umesahau jambo moja, nami nitaanza nalo. Mwuguzi alikwambia siku ile kuwa mtoto asipewe ziwa la mtu ambaye damu yake haijapimwa. Miaka ile watu walikuwa wanakufa, na kila mtu alimwogopa kila mtu. Ulirudi nyumbani, ukasimama katikati ya ua, ukasema kwa sauti ya mahakama, "Mtoto huyu hatapewa ziwa la mtu yeyote. Wala nisisikie." Hafsa alikuwa anaanika nguo. Alisikia.

Nilichemsha maziwa ya Bundala, yule mzee aliyekuwa akija kwa baiskeli na madumu. Niliyapunguza kwa maji na sukari, nikampa mtoto kwa kijiko. Aliyatapika. Siku ya kwanza ukaniuliza kila saa, amekula, amekula? Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu alilia tangu alfajiri mpaka adhuhuri, na kilio chenyewe kikaanza kuwa chembamba, kama mlango unaofunguliwa mbali. Wewe ulikuwa kazini.

Hafsa akaja mlangoni na Majidi mgongoni. Akasema, "Dada, nipe nimshike. Wewe nenda kaoge, unanuka maziwa yaliyochacha." Nikacheka, ingawa nilikuwa nataka kulia. Nikampa, nikaenda bafuni uani.

Nilikuwa nimeinua kata ya maji nikamsikia mtoto analia. Kisha akanyamaza. Hakunyamaza kama anayechoka, maana anayechoka hupunguza. Huyu alikatika katikati ya kilio. Nilisimama na kata mkononi mpaka mkono ukauma. Nilipotoka nilikuwa nimekawia kuliko mtu anavyohitaji kukawia bafuni. Nikamkuta mtoto amelala mapajani mwa Hafsa, jasho limemtoka puani. Majidi alikuwa amelala chali mkekani akitazama vidole vyake. Kikombe cha maziwa kilikuwa juu ya kigoda, kimejaa kama nilivyokiacha, na utando juu yake haujaguswa.

Sikuuliza. Hafsa hakusema. Kesho yake saa ileile akaja akasema, "Dada, hujaoga." Nikaenda kuoga. Kaka, sijawahi kuoga maishani mwangu kama nilivyooga siku zile. Kuna siku hakuja kwa sababu Majidi alikuwa na homa. Kuna siku alikuja mara mbili. Sikuhesabu, kwa kuwa sikujua kuwa siku moja utaniuliza hesabu.

Nilichokiona: kikombe kilichojaa na mtoto aliyeshiba. Nilichokisikia: kunyamaza. Nilichokidhani unakijua. Sasa wewe ndiye karani. Niambie, hiyo ni kujua au si kujua?

Mwanahawa


Gongoni, Tabora
9 Mei 2025

Mdogo wangu Mwanahawa,

Asalaam alaykum. Sote ni wazima. Hongera kwa jina la mtoto.

Nimeyapima maelezo yako. Nimekwenda pia kwa shehe wetu, nikamweleza jambo hili bila kutaja majina. Amesema kuwa kunyonya lazima kuthibitike, na idadi pia ithibitike, na kwamba shaka peke yake haiharamishi ndoa. Aliongeza kuwa mtu anayejiepusha na shaka anafanya vizuri zaidi, lakini hilo ni la mtu na nafsi yake, si la sheria.

Ukiwa ndani ya bafu, hukuona. Mtoto anaweza kunyamazishwa kwa kidole, kwa maji ya sukari, au kwa kubebwa na mtu aliyetulia kuliko wewe uliyekuwa na hofu. Kikombe kilichojaa kinathibitisha kuwa hakunywa kikombe. Hakithibitishi alikunywa nini. Hafsa, ambaye angeweza kusema, amefariki. Sabiri alikuwa Usoke miezi ile akishona sare za shule, na nimemwuliza, hajui lolote.

Kwa kuwa hakuna mtu aliyeona, nakusudia kumjibu Sabiri baada ya Idi ya kuchinja kuwa sijui kizuizi chochote. Najiat ameshaanza kuniuliza kwa macho. Jana alinipima sukari hapa nyumbani, akasema, "Babu, dawa hii inaanza kazi haraka kuliko majibu yako."

Kama kuna jambo jingine, liandike sasa. Kama halipo, niandikie kuwa halipo, uweke sahihi yako.

Kaka yako,
Abdulatifu


Ujiji
1 Juni 2025

Kaka Abdulatifu,

Shikamoo.

Leo sina habari za nyumbani. Nimeandika barua hii mara nne. Ya kwanza ilisema halipo, na niliiwekea sahihi, na nilikuwa nimeshamwita mtu wa kuipeleka stesheni. Ungeipata, Najiat angeolewa, nami ningepata nilichokitaka. Nikaichana kwa sababu ya maneno yako mwenyewe. Umeandika kuwa hakuna mtu aliyeona.

Siku ninayoisema ilikuwa Alhamisi, siku ya tisa tangu mtoto azaliwe. Hafsa alikuwa ndani, mimi nilikuwa bafuni, na mtoto alikuwa ameshanyamaza. Nikasikia viatu vyako uani. Ulikuwa umerudi mapema. Nilitaka kupiga kelele, nikakosa la kusema. Nikakusikia ukikohoa, kama mwanamume anavyokohoa kabla ya kuingia palipo na wanawake. Lakini kikohozi hakikutokea uani. Kilitokea mlangoni kabisa, kwenye pazia. Kisha viatu vikageuka, vikatoka, na lango likafungwa taratibu, kama mtu asiyetaka lango lisikike.

Ulirudi jioni. Ulikula. Hukuuliza mtoto amekula nini. Siku mbili za mwanzo uliuliza kila saa, zilizofuata kila jioni, na tangu Alhamisi ile hukuuliza tena mpaka mama yake aliporudi. Mimi nilikuwa nasikia vizuri siku zile, Kaka. Nilisikia hata ulichoacha kuuliza.

Kwa hiyo mimi nilisikia, na wewe uliona. Mbona samansi nimeletewa mimi peke yangu?

Nami sikukuandikia lote. Wiki ya mwisho ya Hafsa, nilikuwa namkanda miguu. Akasema, "Dada, kuna neno juu ya yule mtoto wa Tabora." Nikamwambia, pumzika. Akasema, "Usije ukasahau kuwaambia." Nikamwambia pumzika, nikaenda kuchemsha maji ambayo hakuna aliyeyahitaji. Niliporudi alikuwa amelala. Aliishi siku tatu zaidi, na hakunitajia tena, nami sikumkumbusha. Angesema, ningejua. Nilitoka chumbani ili nisijue. Nimekuwa nikijidanganya miaka kumi na mmoja kuwa nilikuwa namhurumia.

Mwambie binti. Uliloliona, liseme.

Mwanahawa


Gongoni, Tabora
30 Juni 2025

Mdogo wangu Mwanahawa,

Asalaam alaykum. Idi ilipita salama. Tulichinja mbuzi mmoja na watu wa Kwihara wakaja. Baridi ya asubuhi imeanza. Mama Najiat anakusalimu, na ameniagiza nikwambie jambo ambalo nitaliandika mahali pake.

Ulisema kweli. Nilikohoa, lakini nilikohoa nikiwa nimeshainua pazia. Hafsa alikuwa amekaa mkekani, ubavu wake ukinielekea. Niliona bega lake, na kanga, na kichwa cha mtoto kilichofunikwa kwa kanga hiyo, na mkono wake ukiwa chini ya kichwa. Nikageuza uso papo hapo. Hayo ndiyo yote niliyoyaona. Mtoto alikuwa yupi, sijui. Alikuwa na mtoto wake mwenyewe wa kunyonyesha, na alikuwa na haki ya kumnyonyesha mahali popote. Kama ningetazama mkekani, nikamwona mtoto mwingine amelala pale, ningejua ni Majidi au ni Najiat. Sikutazama.

Mwanamume mwenye heshima akimkuta mke wa jirani ananyonyesha, hugeuza uso. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na hivyo ndivyo nilivyojieleza kwa miaka ishirini na saba. Lakini wakati narudi langoni nilikuwa nimeshaelewa kuwa, kama ningetazama na kumwona Najiat, ningelazimika kutimiza neno langu na kukataza. Na kama ningekataza, mtoto angerudi kulia. Nilikuwa nimemsikia siku mbili analia. Kwa hiyo uso niliugeuza kwa heshima, na macho niliyafumba kwa sababu nyingine.

Nimeandika maelezo ya mashahidi wengi. Wengi walikuwa waongo, na hao hawakunisumbua. Walionisumbua ni wale waliosema "sijui" kwa haraka kabla swali halijaisha. Nilikuwa nawaandika hivyohivyo, sijui, na nilikuwa natambua. Barua yangu ya Mei ilikuwa ya namna hiyo.

Jumapili ya tarehe 22 niliwaita hapa, saa nne asubuhi. Sabiri alikuja, na Majidi alitoka Sikonge kwa pikipiki akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, ameleta asali lita tano. Mama Najiat alikaa mlangoni. Najiat alikaa karibu nami. Niliwasomea barua zote, zako na nakala za zangu, tangu ya Januari, bila kuruka neno. Kisha niliwaeleza habari ya pazia. Sikuwahi kumweleza mtu.

Sabiri alikuwa wa kwanza kusema. Alisema, "Niliporudi kutoka Usoke nilimkuta mke wangu amekonda. Nikamwuliza, akaniambia mtoto ananyonya sana. Alisema mtoto, Mzee Abdulatifu. Hakusema watoto." Kisha akavua kofia yake, akaitazama ndani. Aliongeza kuwa ni wewe uliyeishona.

Mama Najiat hakuzungumzia ndoa. Alisema, "Kwa hiyo alishiba." Kisha akasema, "Nilikaa naye uani miaka mitatu baada ya hapo. Nilikuwa naazima chumvi kwake. Sikumshukuru." Akaniomba nikuandikie umtafutie mtu wa kusafisha kaburi la Hafsa na kulizungushia mawe, na kwamba atakuja mwenyewe likikamilika. Kwake yeye shauri limekwisha. Yeye anajua, na hakuuliza mtu ushahidi.

Majidi alinyoosha mkono, akaomba barua yako ya mwisho aisome mwenyewe. Aliisoma pale palipo na maneno ya mama yake, akarudia. Akasema, "Bibi Mwanahawa hakuniambia kuwa mama aliniachia neno." Nilitaka kumwambia kuwa neno halikuachwa kwake, liliachwa kwa wote wawili, lakini sikusema. Hana hasira nawe, kadiri nilivyoweza kuona. Lakini mwandikie. Usingoje mimi nikuombee.

Najiat aliuliza maswali mengi, na yalikuwa mazuri. Alikuuliza wewe ukiwa mbali: mtoto alicheua baada ya kulala? Harufu ya cheuo ilikuwa ya maziwa ya ng'ombe? Alitapika tena baada ya siku ya tatu? Kama unakumbuka, jibu. Kisha akasema, "Babu, kazini nikitoa jibu naandika chanya, au hasi, au sampuli haitoshi. Sampuli isipotosha tunamwita mgonjwa arudi. Hapa nimwite nani?"

Akaniuliza, "Wewe mwenyewe, unajua au hujui?"

Nilimwambia kuwa ninachojua ni kwamba nilipaswa kutazama.

"Hilo halinisaidii, Babu," akasema, na hakulisema kwa ukali. Ni kweli, halimsaidii.

Niliwaeleza msimamo wa shehe kama ulivyo. Niliwaeleza kuwa, wakichagua kuoana, nitasimama kama walii na sitamficha mtu yeyote sababu ya kusita. Wakichagua kuwa ndugu, nitatangaza mbele ya nyumba zote mbili kuwa Hafsa ni mama wa Najiat, na Majidi ataingia humu bila kubisha hodi maisha yake yote. Sabiri alitaka mimi niamue, kwa kuwa ndiyo desturi. Nilikataa. Mimi niliamua mara moja, siku ile ya Alhamisi, peke yangu na bila kumwambia mtu. Sasa ni zamu ya wenye maisha yao. Wameomba muda na nimewapa, na barua zote wamezichukua. Najiat amezitia katika bahasha ya maabara na kuandika tarehe juu yake.

Walipotoka niliwasindikiza hadi langoni. Majidi alikuwa ameshika ufunguo wa pikipiki. Najiat alisimama mbele yake, na niliona kuwa hawajui waagane vipi. Kama ni kaka yake, angempa mkono, na nywele zake zisingekuwa na haja ya kufunikwa mbele yake. Kama ni mchumba wake, angebaki mbali, amejistiri. Mtandio ulikuwa umeteleza kidogo nyuma ya kichwa. Najiat akaushika ncha, hakuuvuta mbele wala hakuuachia, na Majidi akasubiri, akimtazama mkono. Walisimama hivyo muda mrefu. Safari hii sikugeuza uso.

Wakishaamua, nitakuandikia siku hiyohiyo.

Kaka yako,
Abdulatifu